Mama mdogo wa binti yake mwenyewe

Saa moja na nusu asubuhi, mnada wa dagaa unaanza kando ya ziwa, ufukweni Kihagara. Mitumbwi imeshavutwa mchangani, ndoo zimepangwa, na watu wanapaza sauti kama wanaogombana. Gaudiosa Ndunguru hayumo kwenye kundi hilo. Amesimama pembeni, karibu na chanja zake za kuanikia, mikono ameificha ndani ya kitenge.

Anayemnunulia ni Jacqueline, jirani yake. Kila ndoo inapotajwa bei, Jacqueline anageuka kumtazama. Gaudiosa akiinua nyusi, bei inapandishwa. Akiangalia chini, ndoo inaachwa.

"Huyu ndiye bosi wangu," Jacqueline anawaambia wavuvi. "Bosi bubu. Faida yake, matusi yenu yangu."

Wavuvi wanacheka. Gaudiosa naye anacheka, lakini amejiziba mdomo kwa ncha ya kitenge.

Ana miaka arobaini na mmoja. Alizaliwa milimani Kingerikiti, kwenye kahawa na mahindi, akaolewa huku chini na Frederick, ambaye enzi hizo alikuwa akipandisha samaki kwa baiskeli na kushuka na mahindi. Kuanika dagaa ndiyo kazi pekee aliyoifanya tangu aolewe. Mwezi mzuri hubakiwa na kama laki moja na nusu. Mvua ikiwakuta dagaa chanjani, hubakiwa na harufu.

Halalamiki. Kugeuza dagaa juani, anasema, ni kazi ya mtu mmoja, na hakuna anayekuja kukuuliza kitu. Anachokosa hakiuzwi mnadani. Anamkosa binti yake.

Binti huyo ana miaka kumi na saba na anaishi Kingerikiti kwa Getrude, dada mkubwa wa Gaudiosa. Binti humwita Getrude mama. Gaudiosa, aliyemzaa, humwamkia hivi: "Shikamoo, mama mdogo."

"Amefundishwa adabu, hajakosea," Gaudiosa anasema huku akitawanya dagaa kwa kiganja. "Mdogo wake mama ni mama mdogo. Sasa mimi nimkosoe nini?"

Mtoto huyo alibatizwa kanisani kwa akina Frederick kwa jina la Herieth. Alilia tangu wiki ya kwanza. Alilia upepo ulipopiga bati, alilia mawimbi yalipokuwa makubwa, alilia mgeni alipoingia mlangoni. Akibebwa na mtu asiyemzoea alikakamaa mwili mzima na moyo wake ulidunda mpaka unaonekana kifuani. Usiku, nyumba ikitulia, alinyonya vizuri na kulala.

Hilo la usiku hakuna aliyelitilia maanani.

Wakubwa wa ukoo walisema mtoto amekataa jina. Katika familia hiyo, mtoto asipotulia husemwa kuna marehemu anayetaka aitwe kwa jina lake, na dawa ni kumpa mtoto jina hilo. Ndugu waliitwa kutoka vijiji vya jirani. Mtoto alipakwa unga kwenye paji la uso, akapitishwa mkono kwa mkono, kila mmoja akimwita kwa sauti kubwa jina la bibi wa Frederick: Vitalia, Vitalia. Alilia mpaka sauti ikakauka.

Baada ya miezi michache walisema Vitalia siye. Ndugu wakaitwa tena, safari hii pamoja na wa kutoka milimani, na watu walikuwa wengi zaidi. Unga ukapakwa tena, mikono ikapokezana tena. Akawa Aurelia, jina la bibi mzaa mama yake Gaudiosa.

"Mtoto alikuwa anaogopa watu," Gaudiosa anasema. "Sisi tukamtibu kwa watu."

Jina la tatu liliposhindwa, lawama ikahamia kwenye ziwa. Ikasemwa kwamba Aurelia ni wa milimani, hataki maji, apelekwe kwao tabia ibadilike. Mtoto alikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili. Frederick alimpandisha yeye mwenyewe kwa Getrude. Makubaliano yalikuwa arudi akishatulia.

Hakutulia kwa namna waliyoitaka. Getrude anasema mtoto aliendelea kuwa vilevile: mpole, mzito wa kuzoea, mtu wa kujificha nyuma ya mlango wageni wakija. Shule ya msingi alikaa muhula mzima bila kumjibu mwalimu. Alifaulu, lakini hakuwahi kunyoosha mkono. Kila mwaka Gaudiosa aliuliza kama ameshabadilika, kila mwaka alijibiwa bado, na kila mwaka akaona asubiri kidogo. Alipopanda kumwona, mtoto alimwangalia kama alivyowaangalia wageni wote.

"Mlima haukumbadilisha chochote," anasema. "Ulibadilisha tu anayemwita mama."

Krismasi iliyopita alijaribu kumrudisha. Binti alikuwa amemaliza kidato cha nne, na Gaudiosa akaona ndio wakati. Alichinja kuku, akaalika ukoo wa Frederick wote, akaweka na muziki. Aurelia aliposhuka kwenye pikipiki alipokewa kwa vigelegele na kukumbatiwa na watu asiowajua, na wengine wakimwita Herieth.

Alisalimia wote kwa heshima. Kisha akaenda kukaa chooni, akakaa huko mpaka wali ukapoa. Kesho yake asubuhi aliomba kurudi Kingerikiti. Shangazi mmoja alisema mbele yake kwamba binti ana kiburi cha milimani. Gaudiosa alisikia, akanyamaza.

Kunyamaza huko kunamuuma kuliko kuku na gharama zote.

Februari alimsindikiza Jacqueline kliniki, Jacqueline akiwa na mjukuu wake. Siku hiyo alikuwapo daktari wa watoto, Othmar Mapunda, anayezunguka vituo vya kando ya ziwa, akizungumza na kina mama kuhusu watoto wanaolia sana. Daktari Othmar hapambi maneno.

"Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo inayopima hatari," anaeleza. "Kwa baadhi ya watoto inawaka upesi kuliko kwa wengine. Sauti mpya, sura mpya, moyo unakwenda mbio. Hawajafundishwa na hawajalogwa. Wamezaliwa hivyo, na sehemu ya hali hiyo hutoka kwa wazazi."

Anasema huo si ugonjwa, na malezi yana nafasi yake. Mtoto wa namna hiyo akipewa muda, akaambiwa mapema nani anakuja, hujifunza kuishi na hofu yake. Akisukumwa, hujifungia zaidi. Anaonya pia kwamba hawezi kumsemea mtoto ambaye hajamwona.

Kina mama wengine waliinuka kwenda kupima uzito. Gaudiosa alibaki kwenye benchi. Neno lililomkaa moyoni ni lile la wazazi. Frederick si mwoga. Frederick husalimiana hata na watu waliolala. Wiki iliyofuata alipanda Kingerikiti kumuuliza dada yake.

Getrude, mwenye miaka hamsini na moja, alikuwa akipalilia kahawa. Alimjibu bila kusimamisha jembe.

"Wewe ndivyo ulivyokuwa," alimwambia. "Padri akija nyumbani ulikuwa unaingia chini ya kitanda, mama anakuvuta mguu. Ulilia hivyohivyo. Umesahau kwa sababu hakuna aliyekupeleka popote."

Gaudiosa alimuuliza kwa nini hakulisema hilo tangu mwanzo, siku Frederick anamleta mtoto.

Hapo ndipo jembe liliposimama. "Nilikuwa na wavulana watano," Getrude alisema. "Nilitaka wa kike. Nilinyamaza."

Hawakugombana. Gaudiosa anasema hakuwa na la kumwambia mtu aliyemlea mtoto wake kwa miaka kumi na sita, akamsomesha kwa kahawa, na ambaye hakuwahi kumvuta mguu kutoka chini ya kitanda. Hasira aliyonayo ni kwake mwenyewe. Katika watoto wake wanne, aliyemtoa nyumbani ndiye peke yake aliyefanana naye.

"Ningekaa naye tu ndani, mlango umefungwa," anasema. "Mimi ningejua. Mtu gani mwingine angejua?"

Frederick hapendi mazungumzo haya. Anasema walifanya walivyoelekezwa na wakubwa, na mtoto amesoma, basi. Lakini ndiye aliyetengeneza chanja mpya mwezi huu, ili wanawe waweze kuanika dagaa mama yao asipokuwapo.

Maana Gaudiosa anaondoka. Msimu wa kuchuma kahawa unafunguka Juni, na ukiisha Aurelia anatarajiwa kwenda kusoma mbali. Mpango wa mama yake ni kupanda Kingerikiti na kuchuma msimu mzima shambani kwa Getrude, kama kibarua. Hatamwomba binti arudi. Hatamweleza habari za majina. Hatamwambia amwite mama.

"Nitachukua mti unaofuata wake," anasema. "Asiposema, na mimi sisemi. Hilo naliweza. Akiondoka bado ananiita mama mdogo, nitaitika."

Alimpigia simu Getrude ampe binti taarifa mapema, kama daktari alivyoelekeza. Getrude alikwenda, akarudi kwenye simu. Alisema Aurelia hakukataa wala hakufurahi. Aliuliza tu wanakuja wangapi.

"Nikamwambia dada amjibu," anasema Gaudiosa, "nakuja peke yangu."