Vipara Tisa na Nywele Zangu

Wanaume tisa walinyoa vipara kwa ajili yangu, katikati ya Januari, kwenye baridi ya kutoa machozi. Halafu mimi mwenyewe nikabaki na nywele zangu zote.

Mwenzenu nilitamani ardhi inimeze.

Naitwa Renae. Tunaishi mji mdogo huku Dakota Kaskazini, mji ambao ukipiga chafya nyumbani, dukani wanakuuliza kama umepona. Mwisho wa mwaka jana nilikutwa na saratani ya titi. Wakakata uvimbe, na bahati nzuri ulikuwa haujafika kwenye tezi za kwapa.

Mume wangu, Darrel, ana timu yake ya wazee wenzake, wanacheza magongo kwenye barafu na kurudi nyumbani wameshika viuno. Waliposikia habari zangu hawakuuliza swali hata moja. Wakanyoana palepale kwenye chumba cha kubadilishia nguo, wakanitumia picha. Kwao hesabu ilikuwa rahisi: saratani ni kemo, zile dripu za dawa kali zinazonyonyoa nywele, na kemo ni kipara.

Hata mimi nilijua hivyo. Vilemba nilishanunua.

Haikupita muda Dokta Osgood akanipigia. Kipande cha uvimbe wangu kilipelekwa maabara kuangaliwa jeni zake, zipi zimeamka na zipi zimelala. Kutokana na hapo wanatoa alama, sifuri mpaka mia. Ikiwa ya juu, saratani hiyo ni kali na kemo inasaidia. Ikiwa ya chini, kemo inakutesa tu bila faida ya maana.

Yangu ilikuwa kumi na moja.

"Utapigwa mionzi, halafu utameza kidonge kila siku kwa miaka mitano," akasema. "Kemo huihitaji."

Nililia kwa furaha pale jikoni. Furaha yenyewe haikumaliza wiki.

Maana watu walianza kuniangalia kichwani. Wanakuja na mabakuli ya nyama na viazi vya kuoka, wananikumbatia, macho yao yapo kwenye nywele zangu. Connie wa duka la dawa akaniuliza kwa upole kama kweli ninaumwa, au walikosea. Mwingine akasema bima imenibania, hiyo alama ni danganya toto.

Jaribu wewe kuelezea jeni kwenye foleni ya dukani. Unaonekana tapeli kabisa.

Ila aliyeninyima raha hasa ni mama mkwe wangu, Verna.

Verna ndiye shujaa wa saratani hapa mjini. Aliugua kama mimi, zaidi ya miaka ishirini iliyopita, akapiga kemo yote mpaka mwisho. Alikuwa mpiga kinanda wa kanisa. Dawa zikamwachia ganzi ya vidole ambayo haijatoka mpaka leo, hata vifungo vya blauzi anafungiwa. Kinanda ndiyo basi tena. Lakini kila mwaka anasimama mbele ya waumini na kusema: vidole vilikwenda, roho ikabaki. Watu wanapiga makofi, na mimi huwa napiga.

Akaja kwangu, hata koti hakuvua.

"Mimi sikupewa alama, nilipewa dripu," akasema. "Na niko hai. Wewe unacheza kamari, na Darrel ndiye atakayeachwa."

Hapo alinipata. Maana kumi na moja si sifuri, na daktari hakusema haitarudi. Nikaanza kujiuliza: si bora ninyonyoke tu, watu wanyamaze, na ikirudi pasiwe na wa kunilaumu?

Mtu mzima na akili zangu, nikaomba miadi nikaombe sumu nisiyoihitaji. Verna akasema anakuja na mimi. Niliendesha mimi, yeye akakaa pembeni.

Dokta Osgood hakunicheka. Akasema wanawake wengi wa umri wangu, wenye uvimbe na alama kama yangu, wamefuatiliwa kwa miaka, na kemo haikuwaongezea kitu. Akaanza kutaja inachoweza kuharibu. Moyo. Damu. Vidole.

Aliposema vidole, Verna akavua glavu.

"Na mimi je?"

Dokta akamtazama, hajaelewa.

"Uvimbe wangu ulikuwa kama wake. Na tezi zilikuwa safi. Kipimo hiki kingekuwepo, ningepewa zile dripu?"

Dokta akajibu taratibu kwamba hawezi kujua. Huenda zilimwokoa, huenda hazikuhitajika. Akasema baadhi ya hospitali hutunza vile vipande vya uvimbe kwenye nta kwa miaka mingi, kikipatikana chake kinaweza kujaribiwa.

Verna akatazama mikono yake.

"Kiacheni," akasema.

Tukarudi kwenye gari. Sijawasha hata injini, kumbe mama analia. Sikuwahi kumwona akilia, hata siku anamzika mumewe.

"Nilikuwa nataka na wewe uchomwe, Renae," akasema. "Ukipona bila dripu, vidole vyangu nilivitoa kwa ajili ya nini?"

Nilichoka. Na nilikasirika, sitawadanganya. Alikuwa radhi niharibike ili ushuhuda wake usimame. Lakini vile vidole vilikuwa vimelala mapajani pake, vyekundu kwa baridi. Nikavishika.

"Unanihisi, mama?"

"Sikuhisi," akasema. "Ila naona umenishika."

Mionzi nimemaliza, kidonge nameza, nywele zipo. Jumapili moja kanisani Connie akaanza tena maneno yake, na Verna ndiye aliyemjibu, "Hakuihitaji. Si kila mtu anaihitaji." Kisha akakaa, akawa anaangalia kinanda mpaka ibada ikaisha. Mwaka huu hakusimama kutoa ushuhuda. Alama yake hataki kuijua, na mimi siigusi hiyo mada.

Basi wewe unayemwangalia mgonjwa kichwani, hebu mwangalie usoni. Na aliyepona akikukazania upite palepale alipopita yeye, usimfuate na usimfukuze. Mshike mkono kwanza, maana huenda alichopoteza bado kinamuuma.