Ngoma Mbele ya Mkwe

Mhoja wa Ngulyati alikuwa na miaka hamsini na minane, magoti mawili yasiyoelewana, na sauti ambayo kwa miaka tisa haikuwa imepewa kazi yoyote kubwa kuliko kufukuza mbuzi kwenye mihogo. Waliomfahamu zamani walisema ni dhambi sauti ile kulala bure. Yeye alisema si dhambi, ni mkwe.

Alizaliwa Dutwa, na bugobogobo aliianza akiwa na miaka kumi na sita, wakati ngoma hiyo ilikuwa bado ya shambani kweli. Mtu mwenye shamba kubwa la pamba alikodi kikundi, ngoma zikapigwa pembeni, majembe yakapanda na kushuka kwa pamoja, na mwimbaji akilegea basi na matuta nayo yanalegea. Mhoja hakuwa mtu wa kulegea. Alipoolewa Ngulyati, Wagika, wachezaji wa ngoma wa huko, walimpokea kwa furaha kuliko hata wakwe zake walivyompokea, maana mbali na sauti alikuwa na ufundi wake mwingine: alilirusha jembe juu, likazunguka hewani mara mbili, naye akazunguka mara moja, akalidaka kwa mpini nyuma ya mgongo bila kutazama. Watu walitembea kutoka vijiji vya mbali kuja kuona kama safari hii litamkata. Halikumkata hata siku moja.

Kisha binti yake Evalina akaolewa. Aliyemwoa ni Boniventura, kijana wa Nkoma, fundi wa mitambo, mpole, mwenye mikono isiyoisha grisi. Ng'ombe kumi na wanane waliingia zizini, na Mhoja akalitundika jembe ukutani wiki hiyo hiyo. Kwa Wasukuma wa umri wake, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawatazamani usoni, hawapeani mikono, na hawali chakula mmoja mbele ya mwenzake. Sasa mama mkwe kukata mauno huku mkwe anatazama, hilo hata jina halina. Na uwanja wa ngoma hauna mlango. Utajuaje nani amesimama katika ule umati?

Tangu hapo alikwenda na kikundi kama mpishi. Wenzake walipocheza yeye alikoroga sufuria, akajifanya hasikii.

Mwaka huu Sabasaba iliangukia Jumatatu, kwa hiyo mapumziko yakawa siku tatu mfululizo, na watu wa Bariadi wakaandaa tamasha la ngoma na vyakula kando ya mto. Mwezi wa saba mto ule ni mchanga mwingi na maji kidogo. Mkondo mwembamba unapita upande mmoja, wanawake wanachimba visima vifupi mchangani, na sehemu iliyobaki ni uwanja mpana ambao hakuna mtu aliyeugharamia. Pamba ilikuwa imeuzwa. Watu walikuwa na nguo mpya na njaa ya makusudi.

Kabla ya kukubali kwenda, Mhoja alimpigia simu Evalina kuuliza, kwa kuzunguka zunguka, kama baba yake Sayi atakuwepo. Sayi ni mjukuu. Evalina alimhakikishia kwamba huu ni msimu, kiwanda cha kuchambua pamba kinaunguruma usiku na mchana, mumewe hata kanisani haonekani. Mhoja akafunga virago kwa amani. Jumamosi asubuhi aliposhusha sufuria lake mchangani, mtu wa kwanza kumwona alikuwa Boniventura, ameinama juu ya jenereta. Kiwanda kilikuwa kimewapa mafundi mapumziko, na kamati ya tamasha ikamkodi asimamie spika na maiki siku zote tatu.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia mama kwa Kisukuma, kwa umbali wa hatua kumi, macho yake kwenye mchanga.

"Mwangaluka, baba. Mhola?"

"Mhola duhu," alijibu, salama tu.

Wakaachana hapo, kila mtu akiwa amekitazama kidole chake cha mguu vya kutosha.

Siku hiyo na iliyofuata walikwepana kwa ustadi wa watu wenye uzoefu. Boniventura akitaka kwenda upande wa jukwaa alizunguka nyuma ya wauza miwa. Mhoja akitaka kuchota maji alipitia kwenye mabanda ya samaki. Michembe yake ya karanga ilisifiwa mpaka na watumishi wa mkoa waliotoka Moshi na Tanga, ambao walianza kwa kuuliza hivi vipande ni nini, wakaelezwa ni viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, wakamaliza kwa kuuliza kama kuna vingine. Mkwe naye aliila, lakini kupitia mkono wa Evalina, nyuma ya jenereta, ameupa uwanja mgongo. Perpetua, mama kutoka Lamadi aliyekaanga sato banda la jirani, alicheka sana. Alisema wao ziwani mkwe akikukwepa hivyo ujue amekuibia nyavu.

Mhoja alicheka naye. Alikuwa na furaha ya kweli siku zile, nisimsingizie huzuni. Moshi wa samaki, harufu ya nyama, vumbi la watu waliovaa vizuri, vyote alivipenda. Kitu kimoja tu kilimsumbua: kila ngoma za Wagika zilipoanza, miguu yake chini ya meza ilikuwa inacheza bila kumwomba ruhusa.

Jumatatu ilikuwa siku ya mashindano. Wagika na Wagalu hushindana kwa namna yao ya tangu zamani: vikundi viwili vinaanza kucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja kwenye duara lake, na watu wanachagua wenyewe waende wapi. Kipenga kikilia, mwenye watu wengi ndiye mshindi. Hakuna kubembeleza mwamuzi. Watu ndio waamuzi, na watu wana miguu.

Wagalu walikuja na chatu.

Alikuwa chatu mnene wa kung'aa, amevishwa shingoni mwa mchezaji kama skafu. Hazikupita dakika kumi duara la Wagika likaanza kuvuja. Kwanza walihama watoto, wakafuata mama zao waliojidai wanawafuata watoto, kisha na wazee ambao hawakujidai chochote. Na kwa bahati mbaya Salu, binti aliyekuwa akiwaimbishia Wagika, alikuwa ameimba siku mbili kwenye vumbi na kujipoza kwa soda za barafu. Sauti ilikuwa imebaki ya kuombea maji tu.

Machibya, ningi wa Wagika, yaani kiongozi wao, alikuja mpaka kwenye sufuria la Mhoja akiwa amebeba jembe. Hakusema habari ya mashindano. Alisema habari ya marehemu Mzee Mboje aliyeanzisha kikundi, akasema habari ya miaka arobaini, akataja mashamba waliyolima pamoja, moja moja, kwa majina ya wenyewe. Mhoja alimsikiliza huku anakoroga michembe ambayo haikuhitaji kukorogwa.

"Machibya, mkwe wangu amekaa pale," alisema mwishowe. "Na maiki ni yake."

Alitaka kwenda. Hilo lisemwe wazi. Na alijionea aibu kwa kutaka, mwanamke mwenye wajukuu watatu. Lakini mama yake mzazi alikufa bila kumtazama mkwe machoni hata siku moja, na watu walimzika kwa heshima kubwa. Mhoja hakuwa tayari kuuza heshima hiyo kwa sababu ya chatu wa Wagalu.

Machibya akaondoka na jembe lake. Hakurudi uwanjani. Mhoja alimwona anakata mchanga moja kwa moja hadi kwenye spika, akachuchumaa kando ya Boniventura, akawa anaongea. Mhoja alitamani ardhi impokee. Perpetua alimwambia atulie atazame.

Boniventura alisikiliza akiwa ameshika waya. Alisimama, akakishika kiti chake cha plastiki, akakigeuza. Kikatazama mto. Akaichukua mikisa, kile kifaa cha kupandisha na kushusha sauti, kutoka mezani, akaiweka juu ya kiti. Kisha akachomoa maiki isiyo na waya kwenye stendi yake, akaja nayo akitembea polepole, kichwa chini kama mtu aliyedondosha sindano. Hatua kumi kutoka kwenye banda palikuwa na beseni lililofunikwa. Aliiweka maiki juu ya beseni, akaifuta mchanga kwa mkono wa shati, akageuka na kurudi. Alipofika aliipakata mikisa mapajani, akakaa, mgongo wake ukiwa kwa uwanja wote.

Mhoja alisimama na mwiko mkononi, machozi yakamlengalenga, na hakuyaficha. Perpetua akamnyang'anya mwiko.

"Nenda, dada," alisema. "Michembe haina mkwe."

Alianza na maiki. Mstari wa kwanza ulitoka umekwaruza, wa pili ukanyooka, na wa tatu ukaenda hadi barabarani. Ulikuwa wimbo wa kulimia, wa kumtania mvivu aliyesingizia jino ili asije shambani. Vijana hawakuwa wameusikia. Wazee walikuwa wameusikia, na waligeuza vichwa kutoka kwa chatu, mmoja baada ya mwingine, wakitazama sauti ile inatoka wapi. Kila alipopanda juu, Boniventura kule kwenye kiti alishusha kidogo isipasuke. Kila alipoteremka, alimwinulia. Alikuwa anamfuata kwa masikio peke yake, na alimfuata vizuri kuliko siku zote mbili alizomfuata Salu kwa macho.

Ng'ombe hazeeki maini. Mhoja aliweka maiki chini, akanyoosha mkono, Machibya akampa jembe.

Mrusho wa kwanza aliukosa. Jembe lilianguka mchangani, puu, na watu wakacheka. Naye akacheka. Alilitazama lile jembe kama mtoto aliyekosa adabu, akaliokota, akafunga khanga upya kiunoni. Mrusho wa pili lilizunguka mara mbili hewani, naye akazunguka mara moja, magoti yakalalamika, mkono ukaenda nyuma wenyewe na mpini ukaja wenyewe. Uwanja ulipiga kelele hadi chatu akajikunyata.

Katikati ya kelele hizo Mhoja alifanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Alimtazama mkwe wake moja kwa moja. Aliiona shingo. Ilikuwa imekakamaa, masikio yamesimama, na mara moja kichwa kilianza kugeuka, kidogo tu, kama cha mtu aliyeitwa. Kikasimama. Kikarudi kutazama mto, ambao hauna cha kutazama mwezi wa saba. Watu elfu na zaidi walikuwa wanaona, na mtu mmoja tu hakuona, naye ndiye aliyefanya waone. Mhoja alirusha jembe mara tano zaidi. Mara nyingine alilikosa, nyingine akalidaka, na hakujali ipi ni ipi.

Wagalu walishinda. Chatu ni chatu. Machibya alidai waamuzi wamehesabu na watoto wa mgongoni, akapewa sahani ya samaki, akanyamaza.

Jua lilipoanza kuteremka watu walikunja mabanda. Boniventura alikuwa anakusanya waya upande wake, akipita nyuma ya wauza miwa kama kawaida. Evalina alimletea mama yake simu. Alikuwa amerekodi yote, kuanzia mstari uliokwaruza. Mhoja akajitazama kwenye kioo kile kidogo: mwanamke mnene mwenye vumbi hadi kwenye nyusi, anacheka mdomo wazi. Aliomba arudishiwe hapo kwenye mrusho wa pili. Akaomba tena.

Kisha akauliza, macho yakiwa bado kwenye simu, kama baba yake Sayi ameiona.

Evalina akasema amekataa. Alimpelekea mara mbili, na mara zote mbili aliusukuma mkono wake. Alisema yeye amesikia sauti ya mayu na imemtosha, na kuona ni mpaka mwenyewe aruhusu.

Mhoja alirudisha simu. Alifunga sufuria kwa kitambaa, akakaza fundo, akalifungua, akalikaza tena. Bajaji ya kwenda Ngulyati ilikuwa inamngoja kwenye ukingo, karibu na daraja, dereva ameshaanza kupiga honi.

"Mwonyeshe," alisema. "Ila mngoje kwanza nivuke daraja."

Evalina alimsaidia kupakia, wakaagana, bajaji ikapanda ukingo ikikohoa. Ilikuwa haijafika hata katikati ya daraja Mhoja aliposikia kutoka kule chini mchangani sauti ya mwanamume mpole, fundi wa mitambo, ikipiga ukelele kama mtoto aliyeona jembe likipanda juu. Dereva akapunguza mwendo kutaka kujua kuna nini.

Mhoja alijifunika khanga kichwani, akamwambia aendeshe.