Bwana Tabasamu Anunua Stendi

Mpiga picha yule walimwita Bwana Tabasamu, kwa sababu miaka thelathini aliwaamuru watu watabasamu, na yeye mwenyewe wala hakuwahi kuonyesha jino. Mtaa mzima aliupiga picha, kuanzia vichanga hadi vikongwe. Ya kwake hata moja hakuwa nayo. Si wamesema kinyozi hajinyoi?

Basi binti yake, aliyeolewa mbali na huu mwaka wa sita hawajaonana, akampigia simu. "Baba, mjukuu wako ananiuliza babu yukoje, sina cha kumwonyesha. Nitumie picha yako. Ila piga kwa kamera yako, si kwa simu ya jirani."

"Jumapili utaipata," akajibu, na ahadi ni deni.

Kikwazo kilikuwa stendi ya kamera. Ile ya zamani ilikuwa na miguu mitatu, mmoja kifungio kilishakufa, na tangu hapo kifungio akawa mkewe. Mkono mmoja aliushikilia mguu ule, mkono wa pili alinyanyua kidole kando ya kamera: "Macho hapa!" Watu wakimshauri mzee anunue nyingine, alijibu, "Ya nini? Mguu si ninao?" Mkewe akicheka mpaka stendi inatikisika. Mwaka jana mama wa watu akafariki, na binti kwa umbali hata mazishi hakuyawahi. Stendi sasa ukiiachia tu, chali.

Akaenda dukani na kamera yake mkobani.

"Chukua hii, mzee wangu, nyepesi, unaibeba kwa kidole," muuzaji akamwambia.

"Nyepesi kweli. Nikipiga chafya nitaifuata barabarani."

Akaikunjua, akafunga kamera juu, akaigusa kidogo na kuhesabu mpaka itulie. Sita! Akaiweka kando. Ya pili miguu ilikuwa mifupi, urefu wote uko kwenye nguzo ya katikati, na nguzo ikipanda kamera inayumba. "Kimo cha kuazima," akaguna. Ya tatu ilikuwa nzito, miguu minene, vifungio vya kusokota. Akaigusa: moja, kimya. Akatundika mkoba katikati. Kimya. Hata hivyo mkono wake wa kushoto ulikuwa umeng'ang'ania mguu mmoja.

"Achia tu, mzee. Hii haihitaji mtu wa kuishika."

Loo, neno lile lilimchoma. Akalipa bila hata kuomba apunguziwe, yeye ambaye kwa kubembeleza bei hakuwa na mpinzani.

Jumapili asubuhi aliweka kiti mbele ya pazia la studio, akategesha kamera ijipige yenyewe baada ya sekunde kumi, akakaa. Hakukuwa na wa kumwambia kola imepinda. Akajikaza, akatabasamu, kamera ikalia.

Picha ilitoka safi, mvi zote zinahesabika. Akaituma.

Jioni binti akapiga. "Jamani Baba, umependeza! Na umetabasamu! Ila mbona macho hayako kwenye kamera? Ulikuwa unamwangalia nani hapo pembeni?"

Mzee akaitazama tena picha. Kweli, macho yalikuwa kando kidogo, pale kidole kilipokuwa kikinyanyuliwa siku zote.

"Mama yako," akasema. Kisha akauliza, "Nipige nyingine?"

"Hapana, Baba. Hiyo hiyo."