Siku Nilipopima Umeme Ukweni Kisesa

Jamani, hili nalisimulia uso bado unaniwaka, maana mimi ni mwalimu wa fizikia, na kilichoniumbua ukweni ni somo langu mwenyewe.

Nilikwenda Kisesa kujitambulisha kwa kina Kabula, mchumba wangu, na baada ya shikamoo na soda mama yake akalalamika kwamba mashine yake ya kutotolesha mayai haipati joto vizuri, umeme unakuja na kupotea, na mayai yenyewe ni ya kuanguliwa kesho. Ningenyamaza tu! Lakini kwenye begi nilikuwa na kipimo cha umeme cha maabara ya shule (kile chenye kioo kidogo na waya mbili, nyekundu na nyeusi), na wajomba wa Kabula walikuwa wananitazama, nikasema, "Mama, hilo dogo, ngoja nipime volti."

Nilichosahau ni kwamba jana yake darasani tulipima ampea, na waya nyekundu ilibaki kwenye tundu la ampea. Nikazungusha swichi kwenye volti, sikukagua kingine, nikachomeka ncha zote mbili kwenye soketi huku nikiwahutubia wajomba.

Paa! Cheche, moshi, mimi chali, soketi nyeusi tii, nyumba nzima haina umeme.

"Umeumia?" Kabula akapiga kelele. (Vidole tu viliungua kidogo.) Mama mkwe alikimbilia mayai.

Akaitwa fundi, dada mmoja jirani, akakigeuza kipimo, akaniambia kwa upole, "Kaka, waya ikikaa tundu hili ukapima soketi, umepiga shoti. Ungeweza kufa. Kwani unafanya kazi gani?"

Nikainama. Mjomba mkubwa akanijibia, "Anafundisha umeme."

Walivyocheka, acheni tu. Ila mama mkwe hakucheka, alinikalisha, akanipakatisha trei ya mayai iliyofunikwa blanketi, chupa za maji moto pembeni, akasema, "Shika, baba, tusaidiane." Nikakaa hivyo saa mbili nzima, nikisikia vifaranga wanalia ndani ya maganda, nikiwaomba kimoyomoyo wasife, mpaka fundi alipobadilisha soketi na kukaza waya iliyolegea nyuma yake, ambayo ndiyo ilikuwa shida tangu mwanzo.

Kesho yake vifaranga wengi walianguliwa. Kabula alinipigia kunieleza, nikalia kabisa.

Siku hizi sigusi soketi kabla ya kukagua kila waya imekaa tundu gani, na nyumbani kwa watu sipimi kabisa, hata wakinibembeleza. Naita fundi.