Kome Wanane wa Mtambo wa Maji

Kazi nyingine ukimweleza mtu anakucheka kabla hujamaliza. Baba Kome alilipwa mshahara kutazama kome. Mtambo wa maji wa mji ulikuwa na beseni pana, maji ya mto yakipita humo mfululizo, na ndani yake wamekaa kome wanane, magamba yamefunguka kidogo, wanakunywa na kutema. Sheria iliandikwa ubaoni: watano wakijifunga, funga lango la maji, kisha mwite mkuu.

Basi Baba Kome alikuwa na hotuba yake, ukitaka usitake. Maji yakiingia sumu au yakipata joto, kome anajifunga. Wachimba mchanga wakitibua tope, anajifunga. "Kaa wa mtoni akiona mambo yameharibika hupanda jiwe akaondoka," alisema. "Kome ataondoka na miguu ya nani?" Kwa miaka minne hawakuwahi kujifunga zaidi ya wawili kwa pamoja, na mkuu wa mtambo akaanza kuuliza mtu huyu anakula mshahara wa nini. Siku ile mkaguzi kutoka makao makuu alikuwa anakuja kuamua: kome wabaki na mtu wao, au wote waondolewe.

Baba Kome alidamka. Akalitazama beseni lake, kuta zina utelezi wa kijani, akaona aibu kama mwenye nyumba aliyebishiwa hodi hajafagia. Akawahamishia kome kwenye ndoo, akalisugua beseni kwa sabuni ya unga, kijiko kimoja tu, akalisuuza mara mbili, akawarudisha. Likang'aa. Mwenyewe akajisifu.

Saa nne mkaguzi akaingia na mkuu, nyuma yao mpimaji wa maji na kifaa chake. Baba Kome hata hajamaliza salamu, kome mmoja akajifunga. Wa pili. Wa tatu. Wa tano alipojibana, mzee wa watu alikwenda mbio kwenye lango, akalizungusha gurudumu mpaka likagoma. Mji mzima ukakosa maji.

"Fungua," mkuu akasema, simu tayari inalia mfukoni.

"Sheria umeiandika wewe, mkuu. Ipo ubaoni."

Mpimaji akashuka mtoni na chupa, akarudi, akapima. Safi. Akapima tena. Safi. Mkuu akamgeukia mkaguzi na uso wa mtu aliyeshinda kesi. "Umeona mwenyewe. Miaka minne hawasemi, leo wamesema uongo."

Baba Kome akajipangusa jasho, na kiganja kilipopita puani akanusa sabuni. Akakumbuka beseni. Akificha la sabuni, atasema kuna kitu kilipita mtoni kikaenda zake, na nani atambishia? Akisema kweli, amejichimbia kaburi. Akawatazama kome, wote wanane sasa wamejibana, akaona haya kuwatwika uongo wake viumbe ambao hawajui kujitetea.

"Mto hauna kosa," akasema. "Kome nao hawana. Asubuhi nimeliosha beseni kwa sabuni."

Mkuu alicheka mpaka akashika ukuta. Mkaguzi hakucheka. Alimwambia mpimaji apime maji ya humo humo beseni. Mpimaji akapima, akakitikisa kifaa, akapima tena. Safi.

"Yaani kifaa chako cha bei yote hiyo hakioni," mkaguzi akamwambia, "na hawa wameona?" Mpimaji akajifanya anatafuta kifuniko cha chupa. Mkaguzi akaandika papo hapo: kome wabaki, mtu wao abaki, sabuni isikanyage chumba hiki. Lango likafunguliwa.

Baba Kome hakungoja pongezi. Aliwatia kome kwenye ndoo ya maji mapya ya mto, akachuchumaa hapo mpaka miguu ikafa ganzi. Mchana wakaanza kufunguka, mmoja mmoja, kwa wasiwasi. Jioni walikuwa saba. Mkuu, ambaye sasa alimwambia kila mtu kwamba kome ni wake, akaja kuchungulia, akapiga makofi.

"Huyu wa nane naye kafunguka! Tena huyu ndiye kafunguka kuliko wote. Hongera, mzee."

Baba Kome akaingiza kidole, akaligusa gamba la yule wa nane taratibu, kisha akaligusa tena. Halikujifunga.

"Huyu amekufa, mkuu," akasema. "Nimemuua mimi."