Salamu ya Wapiganaji wa Sayari Nyingine

Tulikuwa wasomaji wanne, na mwezi ule tulisoma riwaya ya Kifaransa kuhusu wapiganaji kutoka sayari nyingine. Tulikutana Karavia, mtaa wa pembeni mwa mji wetu, nyumbani kwa rafiki yangu, ambaye ukoo wake ulilima pande hizi kabla ya migodi kufunguliwa. Mimi ni wa Kampemba, mtaa mwingine wa mji huohuo. Babu yangu alikuja kutoka Kasai, mkoa wa mbali, kufanya biashara, na sisi wengine tumezaliwa hapahapa. Kwa rafiki yangu hilo halikutosha. Kila likizo aliniuliza kama naenda kwetu, na Kasai mimi sijawahi kufika. Nilikuwa nimechoka. Nilitaka siku moja akubali kwamba hapa ndipo kwetu.

Mwalimu wa fizikia, mmoja wetu, alisema kitabu kina vita vingi mno na akili kidogo. Mwenzetu mfamasia alishangaa jeshi zima halina hata mtu wa kupika. Rafiki yangu yeye alikipenda, hasa ile salamu. Wapiganaji wale wakikutana hawaulizani majina. Wanaulizana wafu wao wamezikwa wapi, na hapo ndipo kwao. Asiye na kaburi mahali ni mgeni, hata akae miaka mingapi. Alisema hiyo ndiyo desturi ya watu wenye heshima, akataka na sisi tusalimiane hivyo kabla ya chai. Akaanza na mimi.

"Babu, bibi, papa," nilimjibu, "bote balizikwa hapa. Na weye?"

Rafiki yangu alinyanyua birika la chai. Baba yake alikuwa akipeleka bidhaa ng'ambo ya mpaka wa Sakania, akaugua hukohuko Zambia, na huko ndiko alikozikwa. Sote tulilijua hilo. Yeye mwenyewe, kwa kukipenda kitabu, hakuwa amelifikiria.

"Papa iko Zambia," alisema polepole. "Alors, basi, mugeni ni miye."

Mfamasia alicheka kidogo, akaacha. Miaka yote nilitamani neno lile la mgeni liniondoke, lakini kuliona likimwangukia yeye, tena kwa sababu ya kaburi la baba yake, kuliniuma. Alikuwa amesimama na birika mkononi, hajui amimine au aliweke chini. Nikampokea birika, nikajaza kikombe chake kwanza. Nyumba ni yake, lakini siku hiyo mimi ndiye niliyemkaribisha.

"Ikala," nilimwambia, nikimvutia kiti akae. "Hapa ni kwetu."