Waya Mwekundu wa Fundi Byamungu

Mwanangu, kuna siku moja ya kiangazi hapa Heru Juu inayonirudia kila upepo unapopanda kutoka bondeni. Jana ulipoegemeza ngazi ukutani ili upime pa kuongeza paneli mbili, uliniuliza kwa nini nimetundika waya mfupi mwekundu kando ya betri. Nikakujibu, "Ni wa zamani tu." Sikukujibu vizuri.

Nguzo za umeme zilikuwa bado hazijafika huku. Nilikuwa kijana, nimemaliza kidato cha nne, nina paneli moja ndogo iliyonitupa mkono kila masika. Fundi Byamungu, Mkongomani wa kambini Nyarugusu aliyetengeneza redio hapa siku za soko, ndiye aliyenishauri tuutumie na upepo. Tukaunda pangaboi la kuzungushwa na upepo, mapanga yake tukayachonga kwa bomba la plastiki. Sumaku tulizibandua kwenye spika mbovu, naye akazungusha waya wa shaba wa jenereta kwa mkono, wiki tatu, akiimba nyimbo za kanisani kwao. Lo, siku ile taa ilipowaka huku mvua ikinyesha! Mama alicheka mpaka akakaa chini. Majirani wakaja kusikiliza redio na kula mihogo ya kuchemsha. Kama ningerudishiwa siku moja tu ya ujana wangu, ningeomba hiyo.

Byamungu aliniachia onyo moja. "Weye Bwana Fizikia, nisikilize. Ukitaka kutoa betri, unga kwanza hizi nyaya mbili za pangaboi na huu mwekundu, pangaboi itasimama. Ukiiacha bila muzigo wa betri, itakimbia mpaka ivunjike."

"Kuunga nyaya ndiko kunakounguza," nikamwambia. "Hilo tumelisoma."

"Basi kitabu chako kije kuishika upepo ukivuma!" Tukacheka.

Mwezi uliofuata rafiki yangu wa Muyama alioa, nami nilikuwa nimemwahidi muziki. Nikafungua betri, nikaifunga nyuma ya baiskeli, nikaondoka. Nyaya niliziacha zikining'inia. Niliona nalipumzisha pangaboi.

Niliporudi kesho yake, panga moja lilikuwa limetoboa bati la jikoni na kujichomeka ardhini, hatua moja kutoka kwenye kigoda alichokalia mama akichambua maharage. Hakuumia. Uani watu walikuwa wamejaa.

"Imekuwaje?" akauliza jirani.

"Kazi mbovu ya yule mkimbizi," nikasema.

Basi. Maneno matano. Siku ya soko iliyofuata hakuna aliyempelekea Byamungu hata redio. Alikaa juu ya boksi lake la vifaa mpaka watu wakatawanyika. Nilimwona, nikapitia upande wa wauza dagaa.

Ilipita miezi ndipo nikamfuata kambini kumwomba radhi. Alinipa kiti, akanisikiliza hadi mwisho.

"Miye naijua pangaboi yangu," akasema. "Rudi uwaambie wale uliowaambia."

Nikaitikia. Sikufanya. Kila Jumapili niliona haya, nikaisogeza ahadi hadi Jumapili nyingine, mpaka nikasikia amerudi kwao Kongo na boksi la vifaa ameliuza.

Waliosikia uongo wangu wamebaki wawili. Jumapili hii nitawaambia, nawe utakuwepo. Nimekuandikia mapema ili nisipate tena pa kukimbilia.

Kwa hiyo panda, mwanangu, ongeza paneli zako. Betri mpya usiiunge na ile kuukuu, itachoshwa nayo. Ukifungua betri, tangulia na waya mwekundu. Fundi akikuonya juu ya kazi ya mikono yake, msikilize, hata kama hana cheti na lafudhi yake inakuchekesha. Na ukikosea, sema "ni mimi" siku hiyohiyo, mbele ya watu walewale, kabla mtu mwingine hajabeba kosa lako hadi kwao.

Mungu akupe mikono ya Byamungu, na ulimi mwepesi wa kukiri kuliko wangu. Taa utakayoiwasha iwaangazie watoto wako, na asiwepo mtu aliyeachwa gizani kwa ajili yake.